Jibu kwa mwalimu wa Mabatini anayeamka saa nane usiku

SWALI: Shikamoo dada. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nina miaka 36, naishi Mabatini, hapa Mwanza, kule juu kwenye mawe. Tangu Agosti silali vizuri. Usiku joto, na moshi juu yake: huku nyasi zinachomwa milimani, huku taka zinachomwa mtaani. Nikiamka saa nane nashika simu. Kaka yangu yuko Canada, ananitumia video za misitu inayoungua. Asubuhi nikifungua dirisha naliona Ziwa Victoria limekuwa la kijani, nasikia moyoni kama nimefiwa. Baba alikuwa mvuvi, ada yangu yote ilitoka kwenye sangara. Juzi nimesoma jinsi sangara alivyowamaliza furu, wale samaki wadogo wa asili wa ziwa, nikajiona nimesomeshwa kwa damu ya ziwa. Mume wangu anasema nina kazi ya kutafuta mawazo. Wanafunzi wananiuliza kama ziwa litakauka, nami sina jibu. Je, huu ni ugonjwa? Niende hospitali?

JIBU: Marahaba, mwalimu, na pole sana. Kwa jinsi ulivyoeleza, sioni ugonjwa. Naona mtu ambaye halali, anavuta moshi, na amefiwa, na mambo hayo yote yamemkuta kwenye kitanda kimoja saa nane za usiku. Hospitali nitaigusa mbele. Kwanza tulale.

Fanya jaribio dogo leo. Saa tatu usiku toka nje, weka kiganja kwenye jabali lililo nyuma ya nyumba yako. Utalikuta bado lina joto, kama sufuria iliyoepuliwa muda si mrefu. Limekunywa jua tangu asubuhi, sasa linakurudishia. Bati lenyewe hupoa upesi jua likizama, ila mchana kutwa limeshapasha tofali, godoro na hewa yote ya ndani. Na mwili wa binadamu haushiki usingizi mzito mpaka joto lake la ndani lishuke kidogo. Chumba kikiwa tanuri, mwili unahangaika kujipoza, unakurupuka, unalala tena, unakurupuka. Siku kumi za namna hiyo zinatosha kumfanya mtu yeyote aone dunia inaisha. Simaanishi kwamba huzuni yako ni ya joto tu. Ninachosema ni kwamba huwezi kuijua ukubwa wake kabla hujalala.

Kama nyumba haina dari, shilingi ya kwanza utakayoipata iende huko, hata kama ni dari ya chumba kimoja tu. Bati lililopakwa rangi nyeupe juu linarudisha jua jingi. Kabla ya kulala tumbukiza miguu kwenye beseni la maji ya kawaida dakika kumi, kisha jifunike kitenge chenye unyevu. Jiko la mkaa lisilale ndani hata kama limebaki majivu na vijikaa viwili. Gesi yake haina harufu, na inaua.

Halafu kuna jambo la dirisha, ambalo watoto wa wavuvi hatukupaswa kulisahau. Mchana upepo unatoka ziwani kuja nchi kavu. Usiku unageuka, unatoka nchi kavu kwenda ziwani. Kwa hiyo moshi wa milimani na wa taka unakuteremkia usiku, wakati ule ule unaofungua madirisha kutafuta ubaridi. Fungua alasiri yote, hasa upande wa ziwa, upepo wa ziwani upooze nyumba. Usiku moshi ukianza kunuka, funga upande wa mlimani, acha wa ziwani wenye wavu wa mbu. Chembe za moshi zinazoumiza kifua ni ndogo kiasi kwamba unywele mmoja wa kichwani ni mnene kuzizidi karibu mara 30. Ndiyo maana kile kitambaa unachojifunga puani kinazuia vumbi na majivu, na zile chembe zinapita. Mwenye pumu atafute barakoa ya aina ya N95, na asikae mbali na dawa yake ya kuvuta.

Simu nayo ilale chumba kingine. Sikusemeshi kama mama anayekemea vijana. Mwaka 2023 Canada iliunguliwa na takribani hekta milioni 15 za misitu. Moshi wake ulifika New York mwezi Juni, anga ikawa ya rangi ya chungwa mchana kweupe. Kaka yako ana haki ya kuogopa na kukuonyesha anachokiona. Ila ubongo ulioamshwa na joto na harufu ya nyasi zinazoungua hauna ramani. Ukiuonyesha moto wa msitu saa nane usiku, unaamini moto uko Nyakabungo, hapo hapo mjini Mwanza. Mwombe akutumie sauti yake badala ya video, azungumze amekula nini, watoto wanaendeleaje, moto uko umbali gani na kwake. Utaisikiliza mchana. Nadhani na yeye itamsaidia, maana mtu anayetuma video kumi kwa siku mara nyingi hajapata wa kumwuliza "wewe mwenyewe umelala?"

Sasa msiba.

Miaka mingi iliyopita, nikiwa bado mpya kwenye kazi hii ya ushauri nasaha, alinijia mzee aliyekuwa anavua ningu, samaki anayepanda mito kwenda kutaga, tangu ujana wake. Alikaa kwenye kiti, akaniambia hajaona ningu wa maana kwenye mto wao siku nyingi, na kwamba mvua za masika zikianza hulia. Nikamwambia amshukuru Mungu kwamba hakuna aliyekufa. Alinyanyuka, akaaga kwa heshima, hakurudi tena. Hadi leo nikilikumbuka jibu lile naona aibu. Yule mzee alikuwa amefiwa, nami nilimfukuza matangani.

Huzuni ya namna hii ina watu wanaoichunguza siku hizi. Mwanafalsafa wa Australia, Glenn Albrecht, aliwakuta wakazi wa bonde la Hunter, ambako machimbo ya makaa ya mawe yaligeuza kila kitu, wakiwa na kiu ya nyumbani ilhali hawajaondoka nyumbani. Aliipa jina, solastaljia. Mwaka 2021 ulichapishwa utafiti wa vijana 10,000 katika nchi 10: asilimia 59 walikuwa na wasiwasi mkubwa au mkubwa sana juu ya mabadiliko ya tabianchi, na zaidi ya asilimia 45 walisema hisia hizo zinawavurugia maisha ya kila siku. Afrika nzima iliwakilishwa na Nigeria peke yake, kwa hiyo usidhani yupo aliyekuja kutuuliza sisi wa kanda ya ziwa. Nakutajia haya ili mumeo naye ayasome. Wewe huhitaji jina la Kizungu kujua kwamba umefiwa.

Ila sisi tunajua namna ya kufiwa. Mtu akifa Mwanza hatumwachi mfiwa aamke peke yake na kuangalia picha za marehemu kwenye simu mpaka asubuhi. Turubai linafungwa, watu wanakuja na viti, akina mama wanashika masufuria, jina la marehemu linatajwa, na vituko vyake, watu wanacheka katikati ya kilio. Halafu siku inafika matanga yanaanuliwa, turubai linafungwa kamba na kurudishwa kwa mwenyewe. Wewe umekaa matangani tangu Agosti, peke yako, bila turubai. Na kosa kubwa zaidi, umemwekea matanga mgonjwa.

Chukua furu. Ziwa hili lilikuwa na aina zaidi ya 500 za furu, na huenda aina kama 200 zimetoweka, nyingi ndani ya miaka ya 1980. Hao wamekufa kweli. Walie. Sioni sababu ya kumfariji mtu upesi upesi kwa jambo hilo, na mtu akikwambia "mbona dagaa wapo", mwache apite.

Lakini wapo furu waliorudi. Katika Ghuba hii hii ya Mwanza, miaka ya 1990, baadhi ya furu walioonekana kama wamekwisha walianza kuongezeka tena, maumbo yao yakiwa yamebadilika kidogo kufuata maji yaliyochafuka. Kuna jambo jingine lilichapishwa 1997 ambalo huwa silisahau: jike la furu humchagua dume kwa rangi yake, na maji yakiwa machafu jike haoni rangi hiyo, hivyo aina zinachanganyikana na kupotea bila hata kuliwa na sangara. Ule ukijani unaouona dirishani, unaotokana na maji machafu ya mjini, mbolea na udongo wa mashambani, ndio unaolifumba macho jike la furu. Inauma. Lakini huo ni ugonjwa, na ugonjwa una namna yake.

Umewahi kuuguza, nina hakika. Ukipita wodi yoyote ya hospitali kubwa jioni utawakuta ndugu wametandika kanga na mkeka kwenye korido. Wanaouguza muda mrefu wanajua sheria ambazo daktari hazungumzi: kuna zamu. Dada analala leo, wifi anakuja kesho na uji. Anayeuguza anakula, anaoga, anakwenda kwake kulala, na hakuna anayemwita msaliti. Yule anayekataa zamu na kusema "siondoki hapa hadi apone", siku ya nne analazwa yeye kitanda cha pembeni. Ziwa la kilomita za mraba zaidi ya 68,000, linalogawanywa na nchi tatu, lina kitanda kikubwa mno kwa mtu mmoja. Chagua kona yako ya kitanda na zamu yako.

Kwako mimi ningechagua taka za mtaa wenu, kwa sababu moshi wake unauvuta mwenyewe. Sehemu kubwa ya taka za majumbani kwetu ni maganda, mabaki ya chakula na majani, vitu ambavyo vikichimbiwa shimo vinakuwa mbolea na havina haja ya kiberiti. Nenda mkutano wa serikali ya mtaa ukiwa na hoja hiyo moja tu. Usiende na mabadiliko ya tabianchi. Nenda na shimo. Ukirudi nyumbani siku hiyo, zamu imekwisha. Angalia tamthilia, suka nywele. Kona ndogo ndogo zina nguvu: Wasukuma wa Shinyanga, ambako miti ilifyekwa kwa ajili ya kuua mbung'o na kulima pamba mpaka ardhi ikabaki vumbi, walirudishiwa miti na kitu cha zamani sana kwao: ngitili, eneo linalofungwa nyasi na miti ichipue, linafunguliwa kiangazi ng'ombe wale. Mradi wa kuhifadhi ardhi ya Shinyanga, HASHI, ulianza 1986, na ngitili zikafika zaidi ya hekta 300,000. Kila mwenye ngitili alikuwa na yake, na mipaka yake aliijua.

Nimefika kwenye lile la ada, ambalo nadhani ndilo hasa linalokuamsha.

Sangara aliingizwa ziwani miaka ya 1950, upande wa Uganda, enzi za mkoloni, na watu waliotaka samaki mkubwa wa kuvuliwa. Baba yako alikuwa anakimbia na kaptura, kama alikuwa amezaliwa. Kabla sangara hajajaa huku kwetu, miaka ya 1970 matrola, vyombo vya kukokota nyavu, yalishakuwa yanakomba furu wa ghuba hii kwa ajili ya chakula cha mifugo. Ningu aliumizwa mapema zaidi, na nyavu zilizotegwa midomoni mwa mito wakati anapanda kwenda kutaga. Halafu sangara akalipuka miaka ya 1980, viwanda vya minofu vikafunguliwa miaka ya 1990, minofu ikapanda ndege, sisi tukabaki na mapanki, vichwa na mifupa yake. Na watoto wakaenda shule. Wewe mmojawapo, na mimi mmojawapo. Sare yangu ya kwanza ya sekondari baba aliilipia siku moja baada ya kuuza mzigo wa samaki kwenye soko la Kirumba. Noti zilikuwa bado na magamba, karani akazipokea kwa ncha za vidole.

Nimejaribu mara nyingi kupanga hesabu hiyo ikae sawa, haikai. Sangara alikula furu, sangara alinisomesha. Vyote viwili ni kweli na kimoja hakifuti kingine. Nilichojifunza ni kutotafuta mshtakiwa ndani ya nyumba. Baba yako hakuleta sangara, alimkuta. Na kama kweli alishavuta kokoro, ule wavu wa kukokota hadi ufukweni, kama wengi walivyovuta, aliyajua madhara yake kuliko mtu yeyote anayekuandikia makala, na hakukuwa na aliyekuja kumlipia ada asipovuta. Kichekesho ni kwamba siku hizi wavuvi wanamlilia sangara mwenyewe, kwamba amepungua na amekuwa mdogo. Ziwa lina msiba juu ya msiba.

Kwa hiyo badala ya kubeba hatia hiyo kitandani, mpelekee mwenyewe. Nenda kwa mzee Jumamosi na daftari la mistari la shule. Mwamkie, mkae nje kwenye kivuli, umwambie: baba, nitajie samaki wote uliowahi kuwashika. Mwachie Kisukuma chake, au Kikerewe, kwa jinsi anavyowaita. Kila samaki ukurasa wake: alikuwa anashikwa wapi, mwezi gani, giza au mbalamwezi, kwa ndoano au wavu, mama alikuwa anampikaje. Usimwulize kosa ni la nani. Nimewafanyisha zoezi hili wafiwa wa ziwa kadhaa. Wazee huanza na sato na sangara, wanakaa kimya, kisha inakuja mbete, gogogo, ningu, nembe, na furu wa rangi ambazo hazikumbukwi na mtu mwingine pale uani. Mmoja alisimama akatuonyesha kwa mikono ningu alivyokuwa anaruka akipanda mto, maji yakiwa ya magoti. Huo ndio msiba wenye turubai. Daftari likijaa, mmeanua matanga.

Mumeo usimhukumu kwa neno moja. "Kutafuta mawazo" ni kauli ya mtu asiyejua aseme nini, na huenda yeye naye halali, anajifanya kukoroma. Msizungumze ziwa kitandani. Mchukue Jumapili jioni mpaka ufukweni, nunueni samaki wa kukaanga, umwambie sentensi moja: sihitaji unitatulie, nataka ukae nami. Wanaume wengi wanalifahamu jambo hilo wakiambiwa waziwazi.

Wanafunzi wako wana swali zuri sana, usilikimbie. Wajibu ukweli. Miaka kama 15,000 iliyopita ziwa hili lilikauka, wanasayansi wamelijua hilo kutokana na tope la chini, kisha likajaa tena. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 maji yalipanda zaidi ya mita 2, mabibi na mababu zao wanaweza kuwasimulia. Mwaka 2020 na tena 2024 yalipanda mpaka yakaingia kwenye maduka na nyumba za ufukweni, baadhi yao waliona. Kwa hiyo kukauka katika maisha yao si jambo la kuwakosesha usingizi. Uchafu wa maji ndio wa kuwashughulisha. Mtoto anaweza kubeba habari mbaya kama ina ukubwa unaojulikana. Anachoshindwa kubeba ni uso wa mwalimu anayenyamaza. Wape chupa mbili, moja ya maji ya ziwani, moja ya bomba, watazame. Wao watajaza maneno yaliyobaki.

Hospitali nenda kama, baada ya kulala vizuri wiki mbili, bado huwezi kula, au kuamka kwenda kazini kumekuwa mlima, au huoni ladha ya jambo lolote ulilolipenda. Na likikujia wazo kwamba bora usingekuwepo, usisubiri wiki wala siku: mwamshe mumeo, nendeni usiku huo huo. Hospitali ya Bugando hapa Mwanza wana idara ya afya ya akili, na kituo cha afya kilicho karibu nawe kinaweza kukuandikia rufaa. Kama dawa itahitajika, ni dawa kama ya presha. Kama hutaki kuanza na daktari, tafuta mama mtu mzima wa kanisani, msikitini au wa kikoba chenu anayejua kusikiliza. Zimbabwe, daktari Dixon Chibanda aliwafundisha mabibi kukaa kwenye benchi na watu wanaoumizwa na mawazo, na utafiti uliochapishwa 2016 ulionyesha waliokaa na mabibi hao walipata nafuu kuliko waliopewa huduma ya kawaida. Washona wa huko wana neno kwa hali hiyo, kufungisisa, kuwaza kupita kiasi. Mumeo alikuwa karibu na ukweli kuliko alivyodhani.

Mkishamaliza daftari na mzee, nipigie picha ukurasa wa ningu unitumie. Nataka kujua kwenu alikuwa anapikwa na nini. Kwetu mama alimtia nyanya chungu, na kaka zangu wawili wanabisha mpaka leo.